Marehemu Zuberi Mtemvu, Mpinzani wa Kwanza

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni, katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni jina la Mwalimu Nyerere halihitaji kuelezwa. Aliyeshindana naye kuwania urais mwaka 1962 ndiye aliyesahauliwa na wengi.

Marehemu Zuberi Mtemvu alikuwa mmoja wa watendaji wa mwanzo wa TANU. Wakoloni walipoleta kura tatu, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikubali kuingia katika uchaguzi huo. Mtemvu alikataa. Alijitoa, akaunda chama cha African National Congress, kilichodai Afrika iwe ya Waafrika.

Tabora haikukosea, kwani TANU ilishinda kwa kura tatu zile zile. Uhuru ukapatikana 1961. Mwaka uliofuata Watanganyika walimchagua Rais wao wa kwanza: Nyerere kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Hazikufika 2 katika kila 100. Baadaye Mtemvu alirejea TANU, na mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawekwa kisheria hadi 1992.

Huko Marekani, George Washington alichaguliwa mwaka 1789 bila mpinzani. Vyama vilizuka baadaye. Sisi tulianza na wagombea wawili. Kwa sababu Mtemvu alikubali kushindwa hadharani, ushindi wa Mwalimu ulikuwa wa kuchaguliwa kweli. Vijana, heshima hiyo ni yake pia.