Grace Hopper: Mwanamama aliyeifundisha kompyuta lugha ya duka na ghala

KATIKA kilimo na biashara zipo gharama zinazoonekana na zipo zilizojificha. Bei ya mbolea, nauli ya lori na pango la duka vyote vina risiti. Saa anazopoteza mtu kwa kurudia kazi ile ile kila siku, pamoja na hasara inayoletwa na tarakimu moja iliyoandikwa vibaya daftarini, hazina risiti. Ndiyo maana wengi wetu hatuziingizi kwenye hesabu.

Mtu aliyelipigania jambo hili katika ulimwengu wa kompyuta ni mwanamama wa Kimarekani, hayati Grace Hopper, aliyefariki dunia Januari 1, 1992 akiwa na umri wa miaka 85. Hadi leo benki nyingi kubwa duniani zinaendesha hesabu za wateja wao kwa lugha ya kompyuta iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Makala haya yanaelezea maisha yake, na ugomvi wa muda mrefu aliokuwa nao na wale walioamini kwamba muda wa mashine una thamani kuliko muda wa mtu.

Alikotoka

Grace Brewster Murray alizaliwa Desemba 9, 1906 katika jiji la New York, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa wakala wa bima. Akiwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inavyofanya kazi. Aliifungua, ikamshinda kuirudishia, akachukua nyingine ili aone alipokosea, hadi akawa amefungua saa 7 za pale nyumbani. Mama yake alipogundua akamwachia saa moja tu ya kuchezea.

Alipoomba nafasi katika chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alikataliwa kwa sababu ya alama mbovu za Kilatini. Alirudi mwaka uliofuata akapokelewa, na mwaka 1928 akahitimu shahada ya hisabati na fizikia. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, ambaye walikuja kuachana mwaka 1945. Mwaka 1931 alianza kufundisha hisabati Vassar, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, jambo ambalo enzi hizo wanawake wachache sana walilifikia.

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, aliomba kujiunga na jeshi la majini. Aliambiwa umri umempita, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 7 chini ya kiwango. Hakukata tamaa. Desemba 1943 alikubaliwa kwa kibali maalumu, na katikati ya mwaka 1944 akapangiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mashine ya zaidi ya tani 4

Pale Harvard alikuta kompyuta iliyoitwa Mark I, chini ya bosi mkali, Howard Aiken. Ilikuwa na urefu wa mita 15 hivi na uzito wa zaidi ya tani 4, na iliweza kujumlisha mara 3 tu kwa sekunde. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu kwa tundu. Kwa mashine hiyo walikokotoa majedwali ya kulengea mizinga, na hata hesabu za mlipuko alizoleta mwanahisabati John von Neumann kwa ajili ya bomu la nyuklia, ingawa hawakuambiwa ni za nini.

Ni katika kazi hiyo Hopper aliona tatizo lililomshughulisha maisha yake yote. Hesabu nyingi zilikuwa na vipande vinavyojirudia, kwa mfano kutafuta kipeo au thamani ya pembe. Kipande kikishahakikiwa kuwa sahihi, yeye na wenzake walikiandika daftarini. Aliyekihitaji alikwenda kwenye daftari la mwenzake akakinakili.

Kunakili ndiko kulikoleta balaa. Kila kipande kilikuwa na nambari zinazoonyesha mahali taarifa zilipohifadhiwa ndani ya mashine. Kikihamishiwa kwenye kazi mpya, nambari hizo zote zilipaswa kubadilishwa moja moja kwa kujumlisha. Watu waliosoma hisabati hadi chuo kikuu walikosea kunakili, na walikosea kujumlisha. Kosa moja liliharibu kazi nzima, na kulitafuta kulichukua siku kadhaa.

Ipo hadithi maarufu kwamba Hopper ndiye aliyegundua neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu, linalotumika kwa kosa la kompyuta. Ukweli ni kwamba mwaka 1947 mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walikuta nondo amenasa ndani yake, wakambandika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Hopper alipenda kuisimulia habari hiyo, lakini mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19.

Maktaba ndani ya mashine

Vita ilipokwisha hakupata ajira ya kudumu Harvard. Kilikuwa kipindi kigumu kwake, akaingia katika ulevi, na marafiki ndio waliomsaidia kusimama tena. Mwaka 1949 alijiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya biashara iliyoitwa UNIVAC. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

Hapo ndipo wazo lake lilipoiva. Kama binadamu ni mbovu wa kunakili na kujumlisha, na mashine haichoki na mambo hayo mawili, kwa nini mashine isifanye yenyewe? Aliviweka vipande vilivyohakikiwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja kikiwa na nambari yake ya wito. Mwandishi wa programu aliorodhesha nambari tu. Mashine ilikwenda kwenye maktaba hiyo, ikachukua vipande, ikavipanga na kurekebisha nambari zake. Programu hiyo iliitwa A-0, na mwezi Mei 1952 aliieleza mbele ya wataalamu wenzake huko Pittsburgh. Ilikuwa miongoni mwa hatua za kwanza kuelekea programu za kutafsiri maagizo, ambazo leo huitwa kompaila.

Mwaka 1953 toleo la A-2 lilipokamilika, wateja walipewa pamoja na maagizo yake yote ya ndani, wakaombwa kurudisha maboresho yao. Ni sawa na mkulima anayegawa mbegu kwa majirani kwa sharti kwamba atakayepata chipukizi bora naye agawe. Maktaba ikawa ya jamii, ikakua.

Ugomvi juu ya kasi

Hata hivyo, wengi walimpinga. Kompyuta ya UNIVAC iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Wakongwe wa fani walidai kwamba programu iliyopangwa na mashine haiwezi kuwa nyepesi kama ile iliyoandikwa kwa mkono na fundi mzoefu. Walikuwa na hoja: programu hizo za mwanzo kweli zilikuwa nzito.

Jibu la Hopper lilikuwa la kiuchumi. Gharama ya kazi inaanza siku unapomwajiri mtu wa kuiandika. Kama fundi anatumia wiki kadhaa kuandika na kutafuta makosa ili mashine iokoe dakika chache, hesabu haijakaa sawa. Tena bei ya mashine itashuka kadiri miaka inavyokwenda, wakati ujira wa watu wenye ujuzi utapanda. Ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyoundwa na kundi la John Backus, ambayo kompaila yake ilitoa programu zilizokaribia kasi ya zile za mkono.

Maneno ya mwenye ghala

Kwa Hopper, hilo halikutosha. FORTRAN ilifaa wahandisi wanaopenda alama za hisabati. Yeye aliwafikiria makarani wa mishahara, watunza bohari na wauzaji, watu wanaofikiri kwa maneno. Alipendekeza maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida: soma, linganisha, zidisha, andika. Wakubwa wa kampuni walimjibu kwamba kompyuta haielewi maneno.

Alitengeneza mfano mdogo kuonyesha kwamba inawezekana. Kisha, ili kuthibitisha kwamba kwa mashine neno ni alama tu, akaufanya upokee pia maneno ya Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Waliona si jambo la heshima kwa kompyuta ya Kimarekani kuzungumza lugha za kigeni, ikabidi awaahidi kwamba itabaki na Kiingereza. Ndugu msomaji, kwa hoja hiyo hiyo hata Kiswahili kingewezekana.

Matokeo yake yalikuwa lugha ya FLOW-MATIC. Mwezi Mei 1959 watumiaji wa kompyuta, watengenezaji na serikali walikutana katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakakubaliana kuunda lugha moja ya biashara itakayofanya kazi kwenye mashine za kampuni zote. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkuu wa lugha hiyo, COBOL, iliyochapishwa mwaka 1960. Desemba mwaka huo programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za kampuni mbili zinazoshindana, na ikakubali kote.

Jambo muhimu lililotoka FLOW-MATIC ni kutenganisha maelezo ya taarifa na maagizo ya kazi. Chukua chama cha msingi cha ushirika. Kabla ya hesabu yoyote, mwandishi wa programu anatangaza kwamba jina la mkulima ni herufi 30, kilo ni tarakimu 5, na bei ina sehemu ya senti. Haya ndiyo wataalamu huyaita aina za taarifa. Ukijaribu kujumlisha jina na kilo, kompaila inakataa kabla mkulima hajapunjwa.

Kulikuwa na upande wa pili. Ili kubana nafasi, waandishi wengi walitangaza mwaka kwa tarakimu 2 tu, 67 badala ya 1967. Karne ilipokaribia kugeuka, kampuni na serikali zilitumia mabilioni ya dola kurekebisha programu hizo. Tarakimu 2 zilizookolewa ziligeuka deni.

Mjadala huo wa maktaba, aina na kasi haujaisha. Backus mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977, alihimiza programu zijengwe kama fomula za hisabati, kipande juu ya kipande. Lugha ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, inafuata njia hiyo: maktaba zake zinachangiwa na watumiaji, na aina zake ni kali mno. Wanaoikosoa wanahofia kasi na kumbukumbu inayotumika, na wanaoitetea wanajibu kwamba makosa yanayonaswa mapema yanalipa gharama hiyo. Hopper angeutambua ugomvi huo mara moja.

Kipande cha waya

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966. Mwezi Agosti 1967 lilimrudisha kwa miezi 6 ili kusawazisha lugha zake za kompyuta, na miezi hiyo ikawa miaka 19. Aliongoza kazi ya kutengeneza majaribio ya kuhakiki kompaila za wauzaji, sawa na wakala wa vipimo anavyokagua mizani ya sokoni. Alistaafu Agosti 14, 1986 akiwa na cheo cha rear admiral na umri wa miaka 79, kisha akaajiriwa na kampuni ya Digital.

Asidhaniwe kwamba aliidharau kasi. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, urefu ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha alitoa bunda la waya la mita 300 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, akiwakumbusha waandishi wa programu wanachokitupa wanapozembea. Alichokataa ni kuipima kasi ya mashine peke yake na kuusahau muda wa mtu.

Amezikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Manowari ya USS Hopper ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu ya raia.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kazi inayojirudia ifanywe vizuri mara moja, ihakikiwe, iwekwe mahali pa kuchukuliwa. Fomu ya hesabu ya mavuno iliyokaguliwa na chama kizima inafaa kuliko kila mtu kubuni yake. Pili, tenganisha taarifa zako: kilo zisikae safu moja na shilingi. Tatu, unaponunua chombo, weka kwenye hesabu saa za yule atakayekitumia.

Nne, mrithishe mtu ujuzi. Mwezi Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na ajira yalipofurika, gavana wa jimbo la New Jersey alitangaza kuhitaji wajuzi wa COBOL wa kujitolea. Lugha ilikuwa bado inafanya kazi, ila waliokuwa wakiijua walikuwa wamestaafu.