JOSH GIBSON, MPIGAJI ALIYEKOSA KUHESABIWA



Mwanafunzi akipata 37 kwa 100 ku mtihani, tunasema ameanguka, na nyumbani hawatamcheka kwa furaha. Lakini kuna mchezo mmoja wa Wamarekani, jina lake beisboli, ambamo mtu mwenye kupata 37 kwa 100 katika maisha yake yote ya uchezaji ndiye wa kwanza mbele ya maelfu ya wengine. Mtu huyo ni Josh Gibson. Alikufa mwaka 1947. Hesabu yake iliingizwa katika buku kubwa la mchezo huo mwaka 2024, ni kusema miaka 77 nyuma ya kufa kwake. Mu habari hii nitaeleza namna gani mtu anaweza kuwa wa kwanza na asihesabiwe muda mrefu vile.

Kwanza mchezo wenyewe, juu wengi wetu tunajua mpira wa miguu tu. Katika beisboli mrushaji anasimama mbali karibu metre 18, na anatupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu yake yote. Mpigaji anamngojea na fimbo nene ya mti. Mpira unamfikia mbele nusu ya sekunde haijaisha, na mara ingine unapinda njiani. Akiupiga vizuri na kukimbia mpaka pembe ya kwanza salama, wanamwandikia pigo moja. Sasa mjue kwamba hata wapigaji hodari wanashindwa mara 7 kwa 10. Ndiyo sababu 37 kwa 100 ni kitu cha ajabu. Na kama mpira umeruka mpaka kuvuka uzio wa kiwanja, mpigaji anazunguka pembe zote nne polepole, hakuna wa kumzuia. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji wa ekipi ingine, anachuchumaa na kinyago cha chuma usoni. Hiyo ni kazi ya kuharibu magoti na vidole. Josh alikuwa mdakaji ekipi yake ilipokuwa ikilinda kiwanja, na zamu ya kupiga ilipofika akashika fimbo.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1911 katika Buena Vista, mji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini ya Marekani. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno. Kazi ile haikumtoa mtu katika deni. Basi baba akaenda kaskazini, ku mji wa Pittsburgh, akapata kazi ku kiwanda cha chuma cha pua, na nyuma yake akaita mke na watoto. Josh alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi. Alisoma kidogo kazi ya umeme, lakini aliacha masomo mapema na kuingia kazini. Wakati mmoja aliendesha asansere ku duka kubwa la Gimbels, na akacheza beisboli katika ekipi ya wafanyakazi wa duka lile. Alikuwa na mabega mapana, mikono ya nguvu, na watu walianza kusema juu ya mipira yake iliyopotea nje ya viwanja.

Hapa inafaa kueleza ukuta uliokuwapo. Katika ligi kubwa za Marekani weusi hawakuingia. Mwaka 1884 mdakaji mmoja mweusi, Moses Fleetwood Walker, alicheza ku ekipi ya Toledo, nyuma yake mlango ukafungwa. Sheria hiyo haikuandikwa katika kitabu cho chote. Wakubwa wa ekipi walipatana tu kimya-kimya, na mapatano yale yakadumu zaidi ya miaka 60. Mimi naona sheria isiyoandikwa ni mbaya kupita ile iliyoandikwa, maana huwezi kuishitaki. Ukiuliza nani amekukataza, kila mtu anaonyesha mwenzake. Kwa hiyo weusi walifanya ligi zao wenyewe, na wachezaji wake walikuwa wa kazi, wanalipwa. Pittsburgh ilikuwa na ekipi mbili za namna ile, Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords.

Josh aliingia Homestead Grays mwezi wa Julai 1930, akiwa na miaka 18. Watu wanahadisia kwamba siku moja alikuwa amekaa kati ya watazamaji, mdakaji wa Grays akaumia kidole, na wakamwita Josh ashuke kuvaa vyombo pale pale. Habari ni nzuri sana, labda nzuri kupita kiasi, lakini kwamba alianza mwaka ule ni hakika. Mwezi wa Agosti, wakati jina lake lilikuwa linaanza tu kujulikana, mke wake Helen alifika kuzaa. Watoto mapacha walizaliwa wazima, kijana na binti. Mama yao akafa. Josh hakuwa hata na miaka 19. Watoto wakaitwa Josh na Helen, majina ya wazazi wao, wakalelewa na jamaa ya mama yao, na baba yao akarudi ku mpira. Wengine wanamlaumu juu ya jambo hili. Lakini mpira ndio uliokuwa mshahara wake, na mpira ule uliishi ndani ya basi, leo mji huu, kesho mwingine.

Ndani ya basi ni vile kabisa. Walicheza karibu kila siku, na siku zingine mara mbili ao tatu. Hoteli nyingi ziliwakatalia kulala, na mikahawa mingi iliwakatalia kula, kwa hiyo walilala wakiwa wamekaa, huku dereva akifuata mji wa kesho. Hata kule Pittsburgh, wakikodi kiwanja cha wazungu kilichoitwa Forbes Field, walilipa feza ya kiwanja na hawakuruhusiwa kuvalia katika vyumba vya wachezaji. Mtu mmoja mweusi tajiri, Gus Greenlee, mwenye kupata mali yake ku bahati nasibu ya siri, alikasirika na jambo hili. Akajenga kiwanja chake mwenyewe, kikafunguliwa mwaka 1932. Yeye ndiye mwenye Crawfords, na Josh akaenda kucheza kwake.

Ekipi ile ya Crawfords ilikuwa ya kutisha. Alikuwamo Satchel Paige mrushaji, Oscar Charleston, Judy Johnson, na Cool Papa Bell ambaye mbio zake zilikuwa hadisi katika kila mji. Nyuma ya miaka mingi hawa wanne pamoja na Josh waliwekwa wote watano kati ya wachezaji wakubwa wa Marekani. Kisha majira ya ligi kwisha, walikuwa wakicheza na ekipi za wazungu wa ligi kubwa, michezo ya kutafuta feza tu, na mara nyingi waliwashinda. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba weusi hawajui mchezo. Wazungu wenyewe walisimama mbele ya Josh, wakaona mipira yao inavyoondoka.

Kwa magazeti, Josh alikuwa Babe Ruth mweusi. Babe Ruth ni yule mzungu mpigaji mashuhuri kupita wote. Wale waliowaona wote wawili waligeuza neno, wakasema Ruth ni Josh Gibson mweupe.

Mwaka 1937 rais Trujillo wa Jamhuri ya Dominika, mtu mkali sana, aliruhusu feza nyingi zitumiwe ili ekipi yenye jina lake ishinde shampiona ya kule. Paige, Bell na Josh walikwenda, na wakashinda. Katika 1940 na 1941 Josh alicheza Mexico. Kule alilala ku hoteli aliyotaka na kula mahali alipotaka. Tazama jambo hili: alipaswa kutoka katika inchi yake ndipo atendewe sawa mchezaji wa beisboli.

Mwaka 1942 alirudi Grays. Wakati ule ilikuwa na viwanja viwili vya nyumbani, cha Pittsburgh na cha Washington, na siku zingine watu waliokuja kuwatazama kule Washington walikuwa wengi kupita waliotazama ekipi ya wazungu yenye kiwanja. Mwaka ule Grays walikutana na Kansas City Monarchs katika shampiona ya mwisho. Paige alikuwa upande wa Monarchs sasa. Yeye mwenyewe alikuwa akihadisia kwamba aliacha wapigaji wengine wapite kwa kusudi, ili pembe zote tatu zijae na Josh asimame mbele yake. Wanaochunguza wanasema Paige aliongeza chumvi. Lakini Josh aliona mipira mitatu ikipita, akatoka bila pigo, na Monarchs wakashinda shampiona. Ninapenda habari hii juu inamwonyesha akishindwa. Wengine wakiandika juu yake wanamfanya kama mtu asiyeshindwa, na hapo hawaandiki tena habari za mtu.

Tarehe 1 Januari 1943 Josh alianguka, akapoteza fahamu. Ku hospitali waganga walimwambia kwamba ana uvimbe ndani ya ubongo na wakataka kumpasua. Akakataa. Aliogopa kwamba wakigusa ubongo atabaki kama mti, hatembei wala hasemi. Kutoka siku ile kichwa kilimuuma mara kwa mara, na pombe, ambayo alikuwa ameanza kuinywa zamani, ikazidi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Na mtu huyu mgonjwa ndiye aliyepiga 466 kwa 1000 katika mwaka ule ule wa 1943! Grays walishinda shampiona mwaka ule, na wakashinda tena mwaka 1944.

Basi mwezi wa Oktoba 1945 habari ilitangazwa: Branch Rickey, mkubwa wa Brooklyn Dodgers, amemchukua mchezaji mweusi. Jina lake Jackie Robinson. Alikuwa na miaka 26, amesoma ku chuo kikuu, amekuwa ofisa katika jeshi, hanywi pombe. Rickey alikuwa akitafuta mtu atakayeweza kutukanwa mwaka mzima bila kujibu. Kwa kazi ile Josh hakufaa tena. Alikuwa anakaribia miaka 34, mgonjwa, mwenye kunywa. Rafiki zake wengine walisema nyuma kwamba jambo hili lilimvunja moyo kupita uvimbe. Mwaka 1946 aliendelea kucheza na kupiga, huku Robinson akicheza ku Montreal, ekipi ndogo ya Dodgers, akijitayarisha.

Josh Gibson alikufa Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947, kwa mshipa wa damu uliopasuka mu kichwa. Alikuwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili ya mwaka ule Jackie Robinson aliingia kiwanjani Brooklyn, na ukuta ukaanguka. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 85.

Walimzika katika makaburi ya Allegheny, na kaburi lake likakaa bila jiwe. Mwaka 1972 jina lake liliwekwa katika nyumba ya ukumbusho wa wachezaji wakubwa huko Cooperstown, pamoja na mwenzake wa Grays, Buck Leonard. Kwa uchezaji wa ligi zile mweusi mmoja tu alikuwa amewatangulia kuingizwa, Satchel Paige, mwaka 1971. Ku Cooperstown jina la Josh lilikuwa ku ukuta wa sifa, na Pittsburgh kaburi lake lilikuwa bado majani tu. Jiwe lilipatikana mwaka 1975, juu ya bidii ya Ted Page aliyecheza pamoja naye zamani, na kwa msaada wa mkubwa wa beisboli ya Marekani, Bowie Kuhn.

Imebaki hesabu. Kile kibao cha Cooperstown kinasema kwamba Josh alivusha uzio karibu mara 800. Lakini ukifungua hesabu ya ligi leo utakuta hata 200 hazifiki. Nani anadanganya? Hakuna. Ekipi za weusi zilicheza michezo michache ya ligi yenyewe kila mwaka, na michezo mingi, kupita mia, ilikuwa ya njiani, na ekipi za vijiji na za viwanda. Ile ya njiani haihesabiwi. Na hata ile ya ligi, magazeti makubwa hayakutuma mwandishi. Magazeti ya weusi ndiyo yaliyoandika, na mara ingine ekipi ilikuwa imekwisha kupanda basi mbele ya mtu kuandika matokeo yote.

Watu wachache wenye subira walikaa miaka mingi ndani ya magazeti yale ya zamani, wakiandika pigo moja moja. Mwezi wa Desemba 2020 wakubwa wa beisboli walikubali kwamba ligi saba za weusi, za kutoka 1920 mpaka 1948, zilikuwa ligi kubwa sawa na zingine. Mwishoni mwa Mei 2024 wakaingiza hesabu. Josh Gibson alionekana na 372 kwa 1000. Aliyekuwa wa kwanza mpaka siku ile alikuwa Ty Cobb, mzungu, aliyekaa na 367 yake tangu mwaka 1928 alipoacha mchezo. Yeye pia alizaliwa Georgia. Na ile 466 ya mwaka 1943 ikapita 440 ya Hugh Duffy, iliyokuwa ya kwanza kwa mwaka mmoja tangu 1894.

Wengine walinung'unika, wakasema Josh alicheza michezo michache kupita Cobb. Hapo wana haki, lakini si Josh aliyeifanya kuwa michache. Kazi yenyewe haijaisha. Wachunguzi wanasema wamekwisha kupata karibu robo tatu ya michezo ya ligi zile, na robo ingine wanaitafuta katika magazeti ya miji midogo. Kila ukurasa unaoonekana unaweza kupandisha ile 372 ao kuishusha kidogo.