Makhan Singh na siku ya Kaloleni

Ukimtajia mtu wa Pwani Kaloleni, fikra zake zitakwenda Kilifi, kwa Wagiriama na minazi yao. Lakini iko Kaloleni nyingine, Nairobi, upande wa mashariki wa jiji, karibu na Makongeni na Shauri Moyo. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, na katikati yake ukawekwa ukumbi. Hapo ndipo, tarehe 23 Aprili 1950, Kalasinga mmoja mwenye umri wa miaka 36 aliposimama mbele ya mkutano wa hadhara na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Si mageuzi, wala kuongezewa viti katika baraza la kutunga sheria. Uhuru. Wakati huo hata vyama vya siasa vilikuwa vikililia neno hilo chinichini.

Jina lake ni Makhan Singh. Watoto wetu husoma shuleni habari za Kenyatta, Kimathi na Mboya, na ni haki yao kuzisoma. Huyu anapewa mstari mmoja, pengine hata huo haupo.

Alizaliwa tarehe 27 Disemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Kenya mwaka 1920 kama fundi wa reli. Mwana akafuata mwaka 1927 pamoja na mama yake, akiwa na miaka 13. Walishuka Mombasa kama walivyoshuka wote waliokuja kwa bahari, kisha wakapanda gari la moshi kwenda Nairobi. Baba alikuwa ameacha reli na kufungua matbaa. Kijana alimaliza shule, akawa anatunga mashairi ya Kipunjabi na kuyasoma kwenye mikusanyiko ya Makalasinga, huku akifanya kazi kwa babake. Kazi ya matbaa ilimfunza mambo mawili: jinsi mfanyakazi anavyochoka, na jinsi karatasi moja iliyochapwa inavyoweza kuamsha mtaa mzima.

Mwaka 1935 alichukua ukatibu wa chama cha wafanyakazi cha Wahindi. Jambo la kwanza la maana alilofanya ni kukitoa chama hicho katika ukabila. Kikabadilishwa jina, mlango ukawa wazi kwa kila mfanyakazi, awe Mhindi, Mwafrika au Mwarabu. Ilani zake zikatoka kwa Kiswahili, Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu. Kwa mtu wa leo hilo ni jambo dogo. Kwa Nairobi ya wakati ule, ambayo Mzungu alikaa kwake, Mhindi kwake na Mwafrika akasukumwa ng'ambo ya reli, huo ulikuwa uasi.

Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62. Waajiri walisalimu amri, wakaongeza mishahara na kukubali kazi ya saa nane kwa siku. Miaka miwili baadaye moto ukashika kwetu. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1939, wafanyakazi wa Mombasa, wakiwemo makuli wa bandarini, waliweka zana chini kwa sababu ya mishahara na kodi za nyumba, na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Mwezi wa Julai mwaka huohuo chama cha Makhan Singh kilikuwa kimewaingiza katika kamati yake Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa chama cha siasa cha Wakikuyu. Waingereza walianza kuona kilichokuwa kinafungwa pamoja, na hawakukipenda.

Mwisho wa 1939 alisafiri kwenda India. Mei 1940 Waingereza wa huko wakamkamata kwa siasa zake za kikomunisti, wakamweka kizuizini, kisha wakamfungia kijijini kwao hadi mwanzo wa 1945. Alipotoka alifanya kazi katika gazeti la chama mjini Lahore, na Agosti 1947, mwezi uleule India ilipopata uhuru, akarejea Kenya.

Alikuta nchi imebadilika. Januari mwaka huo Mombasa nzima ilikuwa imesimama. Watu wapatao 15,000 waligoma, bandari ikalala, na Chege Kibachia akainuka kuwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa hapa. Agosti hiyohiyo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Ndiyo kusema, Makhan Singh alikuwa akiingia na mwenzake akitolewa.

Naye hakuachwa. Serikali ilimtaka aondoke, kwa hoja kwamba ni mgeni asiyetakiwa. Alikataa kwenda, akasimama mahakamani na akashinda. Basi mwaka 1949 ikatungwa sheria mpya ya kuwafukuza raia wa Kiingereza waliohamia Kenya. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Mtu aliyeingia nchi hii akiwa mtoto wa miaka 13, aliyesoma na kufanya kazi humu, anaambiwa si wa hapa na serikali ambayo wakubwa wake wenyewe walishuka melini juzi. Sisi wa Pwani, ambao wengi wetu tumewahi kuulizwa cheti cha babu ili tupewe kitambulisho, tunaijua ladha ya swali hilo.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Serikali ilikataa kuliandikisha. Ngome yake ilikuwa mitaa ya Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, na nyumba za reli za Makongeni. Pumwani yenyewe ina damu ya Pwani. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili wahamishiwe humo watu wa vijiji vya zamani vya Nairobi, na kimojawapo kiliitwa Mji wa Mombasa. Waswahili wa Majengo walikuwa wenye nyumba. Wapangaji wao walikuwa watu wa kila kabila, wengi wakilala kwa zamu kitanda kimoja. Asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kwa sheria ya 1949 iliyolenga walioitwa wazururaji. Madereva wa teksi, wapishi, makarani na wachuuzi wote walikuwa na kisa na polisi.

Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji, na mwana wa mfalme akaletwa kutoka London kukabidhi hati. Vyama vya wafanyakazi vikawaambia watu wasiende kushangilia, kwa kuwa jiji hilo si lao. Ndipo ikafika ile siku ya Aprili ukumbini Kaloleni. Mkutano uliitishwa kwa pamoja na KAU na chama kikuu cha Wahindi, watu ambao hawakuwa na mazoea ya kukaa jukwaa moja. Makhan Singh aliomba azimio liongezwe madai ya uhuru na mamlaka kamili, na mkutano ukakubali.

Hazikupita wiki nne. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa, mojawapo ya makosa likiwa kuongoza chama kisichoandikishwa. Kesho yake, tarehe 16, Eastlands iligoma. Madai yao yalikuwa viongozi waachiwe, Kibachia akiwemo. Kima cha chini kiwe shilingi 100. Polisi waache kuwasumbua madereva wa teksi. Na uhuru kwa wafanyakazi wote na kwa nchi za Afrika Mashariki. Serikali ilijibu kwa gesi ya machozi, marungu, magari ya deraya na ndege zikipita juu ya mitaa. Mgomo ulidumu siku tisa na kuenea miji mingine. Mimi naona hiyo ndiyo siku vita vya uhuru vilipoanza, ingawa bado hapakuwa na bunduki upande wa wananchi.

Kesi yake ilisikizwa Nyeri. Hakujificha. Alikiri kuwa mkomunisti, na akaieleza mahakama kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala nchi hii. Angeweza kusema maneno laini akarudi kwa mkewe na watoto. Alipelekwa Lokitaung, kule Turkana mpakani, baadaye Maralal, na Dol Dol.

Alipoondolewa, yalitokea mambo ambayo watawala hawakuyakadiria. Mlango wa chama cha halali ulipofungwa, waliobaki walitafuta mlango wa siri. Kubai aliachiliwa, na katikati ya 1951 yeye na Bildad Kaggia, pamoja na watu wa vyama vya wafanyakazi, wakalitwaa tawi la KAU la Nairobi. Nyuma ya tawi hilo ilikuwapo kamati iliyoitwa Muhimu. Kiswahili chetu kilisafiri mbali. Viapo vikaenea mitaani kwa siri, na madereva wa teksi wakawa miguu yake. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, Kenyatta, Kubai, Kaggia na wengine wakakamatwa, na vijana wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Vita hivyo vya msituni vililishwa na Eastlands. Risasi, dawa, nguo, fedha na habari zilitoka mitaa ya mashariki. Waingereza walipong'amua hivyo, tarehe 24 Aprili 1954 waliuzingira mji kwa maelfu ya askari. Nyumba kwa nyumba, Bahati, Pumwani, Kaloleni, wanaume walitolewa, wakapangwa mistari, wakachujwa. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kupelekwa Mackinnon Road na Manyani. Anayepanda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi huyapita majina hayo akisinzia. Wengine walifikishwa kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, na wengine Hola, mto Tana, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi wao. Kwa hiyo vita hivi tusivisimulie kama hadithi ya bara peke yake. Magereza yake mengi yalikuwa kwetu. Waliotiwa kitanzi kwa kesi za Mau Mau peke yao wapita elfu moja.

Miaka yote hiyo Makhan Singh alikuwa kaskazini, kwenye jua na upepo, akisoma na kuandika barua. Aliwaandikia wakubwa bila kuchoka akidai kuachiliwa, naye akajibiwa bila kuchoka kwamba haiwezekani. Waliokuwa tayari kumpa ruhusa ya kutoka walimtaka aihame Kenya. Hakukubali. Kenyatta, aliyekamatwa Oktoba 1952, alitoka Agosti 1961. Makhan Singh, aliyekamatwa Mei 1950, alitoka Oktoba 1961. Ni miaka 11 na miezi mitano.

Uhuru ulipofika tarehe 12 Disemba 1963 alikuwa mwananchi na mwanachama wa KANU. Hakupewa wizara, ubalozi wala kiti katika shirika la wafanyakazi alilolitolea ujana wake. Sababu hazihitaji kutafutwa sana. Serikali mpya ilikuwa imechagua upande wake katika mvutano wa dunia, na mkomunisti asiyekana ukomunisti wake hakuwa mtu wa kukaribishwa mezani. Tena alikuwa Mhindi, na miaka ile Wahindi walikuwa wakipimwa kwa maduka yao. Waliokuwa wakitaka kusema kwamba Wahindi hawakupigania nchi hii walikuwa na shida moja tu, nayo ni mtu huyu. Kumnyamazia kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Yeye hakupiga kelele. Aliketi na makaratasi yake, kwa maana alikuwa mtu wa kuhifadhi kila kijikaratasi, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952. Ni kitabu kikavu, kimejaa tarehe, maazimio na hesabu za mishahara. Lakini mtu akitaka kujua nani aligoma Mombasa mwaka 1939 na alidai shilingi ngapi, atayapata humo. Jambo moja ni la ajabu katika kurasa hizo: mwandishi, ambaye ni nusu ya habari yenyewe, anajitaja kwa uchache kana kwamba anamtaja jirani.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59, siku mbili baada ya kutimia miaka 23 tangu mgomo wa Eastlands. Mswada wa kitabu chake cha pili ulikuwa umebaki, ukachapishwa 1980. Unahusu miaka ya 1952 hadi 1956, miaka ambayo wenzake walikuwa wakitolewa majumbani Bahati na Kaloleni, naye yuko mbali jangwani, hakuona hata siku moja yake. Aliikusanya yote baadaye, karatasi kwa karatasi.