Sir Edward Mellanby na Mifupa ya Watoto

Likizo iliyopita nilimkuta mpwa wangu, mtoto wa miaka miwili, miguu yake imepinda kama upinde. Bwana Mganga alituambia kuwa ni matege, yaani ulaini wa mifupa, akampa dawa na kuagiza atolewe juani kila siku. Nilistaajabu sana jua kuwa dawa. Niliporudi shuleni nilitafuta vitabuni, nikakuta habari za Edward Mellanby, nami napenda kuwasimulieni.

Alizaliwa West Hartlepool, Uingereza, mwaka 1884, akasoma Cambridge hata akawa daktari. Siku zile matege yaliwapata watoto wengi wa miji yenye moshi, wala wataalamu hawakupatana juu ya sababu. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine ukosefu wa mazoezi. Mellanby, akiwa London, alifuga watoto wa mbwa ndani ya nyumba, akawalisha hasa uji wa oti. Wakapata matege. Wale waliopewa mafuta ya ini la samaki mifupa yao ilikuwa mizima. Alitangaza habari hizo mwaka 1919.

Lakini hakuyajua yote. Alidhani dawa ni vitamini A. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani aliyapasha moto mafuta yale na kuyapitishia hewa hata vitamini A ikaharibika, na bado yakaponya matege. Basi kile kitu kipya kikaitwa vitamini D. Tena ilijulikana kwamba mwanga wa jua ukipiga ngozi, mwili hujitengenezea vitamini hiyo.

Kazi yake ni kuliwezesha tumbo kuchukua kalsiamu ya chakula, kama ile ya maziwa na dagaa. Ikikosekana, kalsiamu nyingi hupita bure, na damu huikopa mifupani, kama mwenye njaa alaye mbegu zake za ghalani. Ndipo mifupa hulainika na kupinda.

Mellanby alifariki mwaka 1955, amekwisha kupewa cheo cha Sir. Dada yangu hujilaumu kwa kumfungia mwanawe ndani asipatwe na baridi. Nilimwandikia kwamba hata bingwa yule aliwafungia mbwa wake, asitambue kuwa mlango ule ulizuia nusu ya dawa. Sasa mtoto hucheza uani kila asubuhi, nasi twaingoja miguu yake inyoke.