Stanley Miller: Vichupa vilivyotoa jibu mwenyewe akiwa kaburini

Kijana wa Maringo, Jericho au Mbotela, treni inayosimama stesheni ya Makadara unaijua vizuri. Behewa moja pekee si treni. Lazima mabehewa yaungwe. Hata mwili wako umejengwa hivyo. Vipande vidogo viitwavyo asidi amino huungana vikawa minyororo: mifupi huitwa peptidi, mirefu ndiyo protini. Sasa jiulize: kabla ya kiumbe chochote kuwepo duniani, mabehewa hayo yaliunganaje?

Stanley Miller alilifuatilia swali hili karibu maisha yake yote. Alizaliwa Oakland, Marekani, mwaka 1930. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Chicago 1951, alianza utafiti chini ya Edward Teller. Muda si muda Teller akahama, Miller akabaki hana msimamizi wala mradi. Hakukata tamaa. Alimwendea Harold Urey, mshindi wa Nobel, akaomba kujaribu kutengeneza kemikali za uhai maabarani. Urey alisita, akiona ni kamari kwa mwanafunzi. Mwishowe alikubali, ila akampa muda usiozidi mwaka mmoja.

Miller aliunganisha chupa za kioo, akatia maji, methani, amonia na haidrojeni, kisha akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku ya kwanza maji yakawa ya waridi. Wiki ilipoisha yalikuwa mekundu. Kuyapima, akakuta asidi amino, ikiwemo glisini. Matokeo yalichapishwa Mei 1953, naye ana miaka 23 tu. Urey alikataa jina lake lisiwekwe, ili sifa zimwendee mwanafunzi.

Lakini usidanganyike, hakuwa ameumba uhai. Alikuwa na mabehewa, treni bado. Asidi amino mbili zikitaka kuungana, lazima zipoteze molekuli moja ya maji, na hilo ni gumu zikiwa ndani ya maji tele. Basi mwaka 1958 alifanya jaribio jingine, akaongeza sayanamidi, kemikali inayosaidia kuziunga. Sampuli akazitia kwenye vichupa, akaandika lebo, akaweka kwenye boksi. Hakuzipima.

Miaka ikapita. Alifundisha California, akapatwa na kiharusi 1999, akafariki Mei 20, 2007. Vichupa vilibaki na mwanafunzi wake wa zamani, Jeffrey Bada. Mwaka 2014 watafiti walitangaza walichokuta humo kwa mashine za kisasa: peptidi, asidi amino mbilimbili zimeshikana! Jibu lilikaa boksini zaidi ya miaka 50.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu gesi zilizokuwepo duniani enzi hizo. Hata hivyo, wewe ambaye jaribio lako la kemia limekwama kwa kukosa vifaa, andika tarehe, andika ulichotia, kisha tunza daftari. Kichupa kisicho na lebo ni taka tu. Chenye lebo kinaweza kumsubiri mtu.