Profesa Verhaegen aliandika historia ya watu wangali hai

Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyezaliwa 1929 na kufariki 2009, ni kati ya maprofesa wakubwa waliofundisha Kisangani. Kwanza alikuwa Lovanium, Kinshasa, akaandika juzuu mbili juu ya maasi ya Congo, ya 1966 na ya 1969. Njia yake ilikuwa kuandika historia mapema, kwa kuwasikiliza waliohusika wenyewe. Kisangani aliwageukia wanawake wanaohangaika kulisha familia. Kitabu chake juu yao kilitoka 1990. Mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto, uliona damu mwaka 1964, kisha mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza 2023. Wazee wa 1964 wanapungua. Wanafunzi wa Unikis wavuke mto, wawaulize mapema.