Maurice Wilks: Mhandisi aliyechora Land Rover mchangani

Kwa miongo mingi, Landrova imebeba askari, waganga, wahifadhi wa wanyamapori na abiria wa kawaida katika barabara mbovu za Afrika Mashariki. Wachache wanafahamu kwamba gari hilo lilibuniwa kama mpango wa muda tu, wa kukinusuru kiwanda kilichokosa chuma. Aliyelibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza.

Wilks alizaliwa mwaka 1904. Akiwa kijana alifanya kazi kwa muda nchini Marekani katika kampuni ya General Motors, kisha akarejea nyumbani na kujiunga na Rover mwaka 1930. Kampuni hiyo ilikuwa katika hali mbaya ya kifedha. Maurice alishughulikia ufundi, na kaka yake, Spencer Wilks, akashika uongozi. Kwa pamoja waliirudisha Rover katika faida, ikawa na sifa ya kuunda magari ya heshima kwa watu wenye uwezo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, serikali ilimkabidhi Wilks na wenzake kazi isiyohusiana kabisa na magari, nayo ni kuunda injini ya ndege ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Ushirikiano huo uligubikwa na mivutano. Mwaka 1943 Rover iliikabidhi kazi hiyo kwa Rolls-Royce, nayo ikapokea kazi ya kutengeneza injini za vifaru.

Amani iliporejea, tatizo jipya lilijitokeza. Kiwanda cha Rover mjini Coventry kilikuwa kimeharibiwa na mabomu, na kampuni ikahamia Solihull, kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa mahitaji ya vita. Lakini chuma kiligawiwa kwa vibali, na kampuni iliyouza bidhaa nyingi ng'ambo ndiyo iliyopewa kipaumbele. Magari ya kifahari ya Rover hayakuwa na soko kubwa nje. Bila bidhaa nyingine, karakana za Solihull zingebaki tupu na mafundi wake wangekosa kazi.

Jibu lilipatikana shambani. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Kaka yake alipomuuliza angefanya nini gari hilo litakapochakaa, alijibu kwamba angelazimika kununua jingine la aina hiyo hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mbadala. Jibu hilo ndilo lililowafumbua macho. Mwaka 1947, katika ufukwe wa Red Wharf Bay, Maurice alimchorea Spencer mchangani umbo la gari ambalo Rover ingeweza kuliunda.

Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesi ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati kama wa trekta. Wazo hilo liliachwa baadaye. Mwili wa gari ulitengenezwa kwa bati la aloi ya alumini, kwa sababu alumini ilipatikana kwa urahisi baada ya vita ilhali chuma kilikuwa adimu. Uhaba huo uligeuka neema, kwani bati hilo halishiki kutu kama chuma. Land Rover ilizinduliwa rasmi katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mnunuzi aliyetaka milango na paa alilazimika kuongeza fedha.

Rover ilitarajia kuliunda gari hilo kwa miaka michache tu, hadi biashara ya magari ya kifahari itakapotengemaa. Mambo yalikwenda kinyume. Wakulima, majeshi na serikali za nchi nyingi ziliagiza Land Rover kwa wingi, na baada ya muda mfupi mauzo yake yakayapita ya magari mengine yote ya kampuni.

Wilks hakusahau injini ya jeti. Mwaka 1950 Rover ilionyesha gari dogo lililoendeshwa kwa injini ya aina hiyo. Mwaka 1962 alikuwa mwenyekiti wa kampuni, lakini hakukaa sana katika kiti hicho. Alifariki dunia tarehe 8 Septemba 1963, akiwa na umri wa miaka 59.

Mpwa wake, Charles Spencer King, ndiye aliyeongoza usanifu wa Range Rover, iliyozinduliwa mwaka 1970. Nayo ile Land Rover ya awali, iliyokuja kuitwa Defender, iliendelea kuundwa Solihull hadi Januari 2016. Zaidi ya magari milioni mbili yalikuwa yametoka katika kiwanda hicho, yote yakiwa uzao wa mchoro uliofutwa na maji ya bahari.